Abiria Naye Ana Wajibu Wake Ndani ya Basi

Kila siku, kabla ya jua kuchomoza, watu husimama kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi. Yuko mama wa Matsangoni na kapu lake la maembe, yuko mvuvi na ndoo yake ya samaki, yuko karani anayewahi kazini Kilifi. Wako wanafunzi, na yuko mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wote wanangoja basi au matatu, na wote, kwa muda wa saa moja au mbili, watayaweka maisha yao katika mikono ya mtu mmoja, naye ni dereva. Jambo hili ni la kila siku, na kwa sababu hiyo watu wengi hawalifikirii. Yafaa kulifikiri, kwa maana abiria anayelipa nauli si mzigo uliopakiwa. Yeye naye ana wajibu wake.

Maji yalipokuwa yakimsimamisha msafiri

Toka Mombasa hata Malindi ni mwendo wa kilomita 120 hivi, na msafiri hukatiza mikono mitatu ya bahari: Nyali, Mtwapa na Kilifi. Hapo kale kila mkono wa bahari ulikuwa kizuizi. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931, na mwaka 1980 daraja la zege likachukua nafasi yake. Huko Mtwapa, katika miaka ya 1930, chombo cha kuvushia magari kilivutwa kwa minyororo na wanaume waliokuwa wakiimba, na sifa za nyimbo zao zilifika mbali. Kilifi nako magari yalivuka kwa pantoni mpaka daraja la sasa, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilipofunguliwa mwaka 1991.

Siku hizi gari laweza kwenda toka Mombasa hata Malindi bila kungoja kivuko popote. Hii ni neema kubwa kwa mgonjwa, kwa mwenye samaki asiyetaka waharibike, na kwa mwanafunzi. Lakini zamani maji yalimlazimisha dereva kusimama na kupumzika, apende asipende. Leo hapana cha kumzuia ila sheria, akili yake mwenyewe, na watu aliowachukua.

Sheria ilivyokuja

Jina la matatu, kama wazee wanavyokumbuka, lilitokana na nauli ya senti 30, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kuchukua abiria bila leseni ya uchukuzi iliyotakiwa kwa mabasi, nayo yakaongezeka upesi. Watu wa mashambani walipata usafiri ambao hawakuwa nao, lakini msongamano na ajali navyo viliongezeka. Ndipo mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, akatoa kanuni zilizoanza kutumika kwa nguvu mwezi wa Februari 2004. Kila kiti kiwe na mkanda, gari liwe na kidhibiti mwendo lisipite kilomita 80 kwa saa, na abiria wasizidi idadi ya viti. Mwaka 2012 ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani ili kusimamia mambo hayo.

Sheria hizo ni njema. Hata hivyo askari hawezi kukaa ndani ya kila gari. Kati ya kizuizi kimoja cha polisi na kingine, mashahidi pekee ni abiria.

Hesabu ya dakika

Watu wengi hudhani kwamba dereva anayekimbia huwafikisha mapema sana. Hebu ifanywe hesabu. Toka Kilifi hata Malindi ni kilomita zipatazo 60. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa litafika kwa dakika 45. Likienda kilomita 100 kwa saa, litafika kwa dakika 36. Faida ni dakika tisa tu. Na hiyo ni hesabu ya gari lisilosimama hata mara moja, ambapo kila msafiri ajua kwamba matatu husimama Tezo, Mida, Gede na kila penye mtu aliyeinua mkono. Basi faida yenyewe hupungua ikawa dakika chache mno, nazo aghalabu hupotea stendi katika kubishana juu ya chenji.

Sasa itazamwe hasara. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 katika kila sekunde. Mtoto akikatiza barabara ghafula, dereva huhitaji kama sekunde moja kutambua hatari na kuupeleka mguu kwenye breki, na katika sekunde hiyo gari limekwisha kupita mita 22. Kwa mwendo wa kilomita 100 limepita mita 28. Tena, breki zikisha kushika, nafasi inayohitajiwa ili gari lisimame haiongezeki kwa robo kama mwendo ulivyoongezeka. Huongezeka kwa zaidi ya nusu. Katika barabara ya Kilifi na Malindi, ambamo magari yaendayo na yarudiyo hukutana uso kwa uso, nafasi hiyo ndiyo uhai au mauti. Walimu wa shule waweza kuwapa wanafunzi hesabu hizi, nao wakazieleze nyumbani.

Kwa nini dereva hukimbia

Si haki kusema kwamba madereva wote ni wakorofi. Dereva wengi wa matatu wametakiwa na tajiri wa gari kumpelekea kiasi fulani cha fedha kila siku. Mafuta nayo yalipwe. Kinachobaki ndicho chakula cha dereva, cha kondakta wake na cha watoto wao. Kwa hiyo kila safari moja ya ziada ni fedha ya ziada, na kila abiria aliyechukuliwa na gari la mbele ni hasara kwa gari la nyuma. Abiria anapaswa kuufahamu mzigo huo, ili asemapo na dereva aseme na binadamu mwenziwe. Lakini kuufahamu si kukubali kuuawa kwa ajili yake.

Heshima si kunyamaza

Watu wa pwani wamelelewa katika adabu. Mtu hamkemei mwenziwe mbele ya watu, na kijana hamwamuru aliyemzidi umri. Adabu hiyo ni ya kusifiwa. Lakini ndani ya gari linalokwenda kasi hugeuka kuwa mtego, kwa sababu kila mmoja huogopa, kila mmoja hushika kiti cha mbele yake, na kila mmoja hungoja mwingine aseme. Wengine hujifariji kwa methali ya kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kumtuliza aliyefiwa, baada ya yote kwisha. Haikukusudiwa kumpa udhuru dereva kabla ya ajali.

Dawa yake ni wakubwa kuanza. Ikiwa mama mtu mzima atasema, "Dereva, mwanangu, twende polepole, humu mna watoto," hapana atakayemwona mkosa adabu. Mzee mwingine akiitikia, "Kweli, mwanangu, sisi hatuna haraka," vijana nao watapata nguvu ya kusema. Sauti moja dereva aweza kuicheka. Sauti kumi hawezi, maana hao kumi ndio nauli yake.

Yaliyoonekana katika utafiti

Wako watakaosema kwamba maneno ya abiria hayafui dafu mbele ya dereva mkaidi. Jambo hilo limepimwa nchini Kenya. Mwaka 2008 wataalamu wawili wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walianza utafiti uliohusu matatu zaidi ya 2,000 za safari ndefu. Yaligawanywa makundi mawili bila upendeleo. Ndani ya kundi moja vilibandikwa vibandiko vya kuwahimiza abiria waseme dereva anapoendesha kwa hatari, na kundi la pili likaachwa kama lilivyo. Kisha madai ya bima ya makundi yote mawili yakalinganishwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba katika magari yenye vibandiko madai hayo yalipungua kwa nusu hata theluthi mbili. Utafiti wa pili, mkubwa zaidi, ulitolewa mwaka 2015, nao ulionyesha upungufu wa robo hata theluthi. Kampeni hiyo iliitwa Zusha.

Kibandiko ni karatasi tu. Hakishiki usukani wala hakikanyagi breki. Kazi yake ni kumkumbusha abiria kwamba anayo ruhusa ya kusema, na ruhusa hiyo anayo hata katika gari lisilo na kibandiko.

Mambo ya kufuata

1. Kabla ya kupanda, litazame gari. Ikiwa viti vimejaa, au matairi yamelika, au dereva anaonekana amelewa au amechoka, ngoja gari jingine.

2. Patana nauli kabla ya kuketi, na uwe na fedha za vipande, ili kondakta asiwe na sababu ya kugombana nawe njiani.

3. Funga mkanda, hata kama safari ni fupi. Mkanda mbovu uonyeshe kwa kondakta.

4. Magunia, ndoo na madumu yasiwekwe katika njia ya kupitia wala mlangoni. Siku ya hatari watu watahitaji kutoka.

5. Mwendo ukizidi, sema mapema, sema kwa upole, na wasemeshe na wenzako. Usimtukane dereva, kwa maana mtu aliyekasirika huendesha vibaya zaidi.

6. Asiposikia, omba kushushwa penye kituo, mahali penye watu. Andika nambari ya gari, saa na mahali, kisha upeleke habari kwa polisi, au kwa Mamlaka, au kwa ofisi ya chama ambacho gari ni lake.

7. Ukishashuka, usikatize barabara mbele ya gari ulilotoka. Ngoja liondoke, utazame pande zote mbili, ndipo uvuke. Watoto washikwe mkono.

Mambo haya hayana gharama. Yule mama wa Matsangoni aliye na kapu lake hawezi kutengeneza barabara, wala hawezi kutunga sheria. Lakini ana umri, ana heshima ya watu, na ana sauti. Gari likianza kukimbia baada ya Mida, yeye ndiye awezaye kuwa wa kwanza kusema, na walio nyuma yake wasimwache aseme peke yake.