SOMO LA UFUNDI: MSHALE WA JOTO UNAOPANDA NA KUSHUKA

Ndugu wakazi, na hasa ninyi mnaojifunza ufundi wa magari: gari linalompeleka mgonjwa hospitali likichemsha maji mlimani, anayeumia si mwenye gari peke yake. Mara nyingi gari hilo lilionyesha dalili siku nyingi kabla: mshale wa joto ulikuwa ukipanda na kushuka. Somo hili linaeleza jinsi ya kutafuta chanzo kwa mpangilio, tukianza na kile kisichogharimu kitu. Fundi anayekimbilia kubadilisha vipuri humaliza fedha za mwenye gari, na ugonjwa hubaki palepale.

JINSI MAJI YANAVYOPOZA INJINI

Pampu huzungusha maji ndani ya injini. Injini ikiwa baridi, themostati huwa imefungwa. Joto likifika kati ya nyuzi 80 na 90 hivi, themostati hufunguka na maji hupita kwenye rejeta ili yapoe. Mshale hupanda, kisha hutulia. Ukisogea kidogo tu gari linapopanda mlima, si kasoro. Ukikaribia alama nyekundu, ukashuka ghafla na kupanda tena, pana kasoro.

Kumbukeni pia kwamba tuko nyanda za juu. Gitega iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga iko juu zaidi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100; hapa huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Mfuniko wa rejeta hufunga mgandamizo ili maji yasichemke mapema. Kwa hiyo mfuniko uliolegea huleta taabu haraka zaidi huku kwetu.

ONYO

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yataruka na kukuunguza uso. Zima gari, subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua. Pia usimwagie injini ya moto maji baridi. Silinda hedi inaweza kupasuka. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, msimpake mafuta wala dawa ya meno, kisha mpelekeni zahanati.

HATUA ZA KUCHUNGUZA

1. Maji. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta. Maji yakiwa pungufu, hewa imeingia. Hiki ni chanzo cha kawaida sana. Tahadhari: kinachopima joto kikizungukwa na mvuke badala ya maji, mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale ulioshuka ghafla usikufurahishe.

2. Mahali yanapovuja. Tazama mipira, vibano vyake, pampu na chini ya gari. Kagua na mpira wa ndani wa mfuniko.

3. Hali ya safari. Mshale ukipanda gari likisimama na kushuka likienda, angalia feni na mkanda wake. Ukipanda mlimani, gari likiwa na mzigo, shuku rejeta iliyoziba au pampu. Ukishuka sana kwenye mteremko, shuku themostati iliyobaki wazi.

4. Umeme. Mshale ukiruka unapowasha taa, kagua waya za geji na waya wa ardhi. Huenda injini ni nzima.

5. Gasketi ya silinda hedi. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, moshi mweupe usioisha au oili yenye rangi ya maziwa ni dalili mbaya. Gari lisiendelee na safari.

KUTOA HEWA

Simamisha gari pua ikielekea juu ya mlima, weka breki na mawe kwenye magurudumu. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, weka hita kwenye moto, jaza maji, kisha washa. Kaa pembeni, uso mbali na rejeta. Mapovu yatatoka na maji yatashuka, ongeza polepole. Mpira wa juu ukianza kupata moto na mapovu yakiisha, funga mfuniko.

KUPIMA THEMOSTATI

Itie kwenye sufuria ya maji, ipashe moto. Iliyoandikwa 82 lazima ianze kufunguka kabla maji hayajachemka. Iliyoandikwa 88 inaweza isifunguke yote hata maji yakichemka, kwa sababu ya mwinuko wetu. Usiitupe kwa hilo. Isiyofunguka kabisa, au isiyofunga ikipoa, ibadilishwe. Kuiondoa na kuendesha bila hiyo si matengenezo: injini haitapata joto lake, nayo hula mafuta zaidi.

MAJI YA KUTUMIA

Maji ya mtoni yenye tope huziba rejeta. Tumia maji safi, na bora zaidi yachanganywe na dawa ya rejeta. Dawa hiyo ni sumu yenye utamu: usiimwage mahali watoto, mbuzi au kuku wanapoweza kuinywa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua?
2. Gari lachemka likisimama tu. Utaanza kuangalia wapi?
3. Themostati ya 88 haikufunguka yote sufuriani. Utaamua nini?

Jadilianeni majibu mkiwa karakana, mbele ya gari lenyewe, kabla ya kufungua hata nati moja.