Simu ya Mama, Mtoto wa Sokoni: Maswali ya Mtafiti wa Kalerwe

Kutoka mzunguko wa Kalerwe jijini Kampala, Uganda, pale Barabara ya Gayaza inapokutana na Northern Bypass, boda boda hukufikisha Chuo Kikuu cha Makerere kabla hujamaliza kubishana nauli. Mhadhiri kijana anataka kupima jinsi simu na video zinavyogusa makuzi ya watoto wa wachuuzi wa soko la Kalerwe. Kwa kuwa kazi yangu ni kusoma maombi ya fedha za utafiti, alinijia na maswali.

Mwalimu, fedha za mbegu ni kitu gani hasa?

Ni fedha ndogo, za mwaka mmoja au miwili, za kujua kama kipimo chako kinapima. Mfadhili mkubwa hatoi mamilioni kwa wazo tupu; anataka takwimu za awali, hata za familia thelathini. Takwimu huna kwa kuwa fedha huna, na fedha hupati kwa kuwa takwimu huna. Hapo ndipo mbegu inapoingia.

Mimi ni mwanasaikolojia. Lazima niwe na watu wa taaluma nyingine?

Ndiyo, na mfano huu utakuonyesha kwa nini. Marekani kuna kinasa sauti kidogo kiitwacho LENA. Huwekwa kwenye fulana anayovaa mtoto, nacho hukadiria maneno ya watu wazima walio karibu naye. Mwaka 2009 Dimitri Christakis na wenzake walikitumia wakaona kwamba televisheni ikiwa inasikika, maneno hayo hupungua. Sasa mvalishe mtoto wa miaka miwili aliyeketi kwenye kreti chini ya meza ya nyanya Kalerwe. Mama anavutana bei na mteja, kipaza sauti cha jirani kinanadi dawa ya panya, konda anaita abiria. Maneno ni maelfu. Yanayomlenga mtoto huenda ni machache mno. Wa kuchuja kelele ni mtu wa kompyuta. Mwanaisimu wa Kiganda atajua lini mama anamsemesha mwanawe na lini anamsengenya mteja. Daktari wa watoto atagundua kwamba huyu aliye kimya pengine haathiriwi na simu hata kidogo, ana usaha sikioni.

Tena simu yenyewe si ya mtoto. Asubuhi inapokea malipo ya mobile money, mchana inapoa, ndipo mtoto anaipata, bando likiwepo. Tangu Julai 2021 serikali inatoza data kodi ya asilimia 12, na mama huihesabu kwa shilingi, si kwa saa. Hojaji inayouliza “mtoto hutazama saa ngapi kwa siku” itajibiwa kwa adabu tu. Uliza bando la jana liliisha vipi. Mchumi angekuambia hivyo siku ya kwanza, kama ungemwita kabla ya kuandika ombi badala ya kumtafuta usiku wa mwisho ili jina lake lijaze ukurasa.

Kipimo cha makuzi je?

Anza na kilicho karibu. Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35 kinachotumia vitu vya kawaida vya nyumbani. Hata hicho utakijaribu upya. Kalerwe si Kilifi.

Niombe wapi?

Nyumbani kwanza. Mwaka wa fedha 2019/20 serikali iliipa Makerere shilingi bilioni 30 za utafiti, ndipo ukazaliwa mfuko wa Mak-RIF. Ng'ambo, taasisi ya Children and Screens, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2013 na Pamela Hurst-Della Pietra, imewahi kutoa ruzuku za mbegu kwa mada hii hii.

Bajeti nigawanyeje?

Tenga fedha na miezi ya kamati ya maadili na kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ridhaa ya mzazi ni lazima, na sheria ya faragha ya 2019 inakubana juu ya sauti utakazonasa. Kisha mlipe mchuuzi muda wake. Nimesoma bajeti yenye tableti kumi na mbili bila shilingi moja ya mama anayefunga meza ili kuhojiwa. Usiende alfajiri, mizigo inaposhuka. Weka siku za akiba za mvua pia, kwani mfereji wa Nsooba ukifurika hakuna anayehojiwa.

Mama akiniuliza kama simu inamdhuru mwanawe?

Mpe mwongozo wa WHO wa 2019: kabla ya miaka miwili asitazame kabisa, kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Halafu muulize nani angemshika mtoto kama simu isingekuwepo. Liandike jibu lake neno kwa neno. Hojaji uliyoniletea haina nafasi ya kuliandika.