SOMO: Msufi – tuvune kabla upepo haujavuna

Leo tutajifunza juu ya mti ambao wengi wetu wa Pwani tumeulalia tangu utoto: msufi. Kule Kwale na Kilifi misufi husimama mipakani na kando ya njia. Kiangazi matunda yake hupasuka, sufi inaruka, watoto wanaichezea, kisha inakanyagwa mavumbini. Mwisho mwenye mti anasema, "Mti huu hauna faida," naye anamwita mwenye msumeno. Je, ni kweli hauna faida?

Tuujue mti wenyewe

Msufi ni mrefu, shina limenyooka, na ukiwa mchanga una miiba. Kiangazi hupukutisha majani. Maua yake meupe ya kuelekea manjano hufunguka usiku. Popo huja kunywa utamu wake na kubeba unga wa ua hili mpaka ua lile, ndipo matunda yanapatikana. Basi tusiwapige mawe popo; wanatufanyia kazi.

Sufi si pamba. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, kwa hiyo haisokoteki vizuri. Lakini kila uzi una uwazi ndani uliojaa hewa, na nje una nta kidogo. Ndiyo maana sufi ni nyepesi na hailowi upesi. Zamani ilijazwa katika makoti ya kujiokoa baharini. Sufi nyingi ya dunia ilitoka Java, na Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, wenye meli walihangaika kutafuta kitu kingine.

Namna ya kuvuna

1. Usingoje tunda lipasuke. Likianza kugeuka kahawia na kukunjamana, limeiva.
2. Angusha kwa upondo mrefu wenye kulabu. Matawi ya msufi ni mepesi na huvunjika ghafla. Usimpandishe mtoto juu.
3. Anika matunda juani mpaka yapasuke yenyewe, lakini yafunike kwa wavu, la sivyo upepo utachukua mali yako.
4. Toa sufi, tia katika tenga, koroga kwa kijiti. Mbegu hazikushikana sana na sufi. Zitashuka chini zenyewe. Huhitaji mashine.
5. Hifadhi katika gunia safi, mahali pakavu.

Mbegu zina mafuta yanayofaa kutengeneza sabuni. Lakini usiwalishe kuku mbegu hizo, zitawadhuru.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni moto. Sufi hushika moto upesi sana. Usiifanyie kazi jikoni wala karibu na koroboi, na mtu asivute sigara hapo. Ya pili ni vumbi. Funga kitambaa puani na mdomoni, fanya kazi mahali penye hewa, na mwenye pumu apewe kazi nyingine.

Tupige hesabu

Mti mkubwa wenye afya unaweza kutoa matunda 300 hadi 400 kwa mwaka, yaani kama kilo 15 za sufi safi. Tukijaza kilo moja katika kila mto wa kulalia, hiyo ni mito 15 kutoka mti mmoja, na mwakani tena. Nunueni kitambaa kilichofumwa kwa karibu ili sufi isipenye, toeni gharama yake, ndipo mjue faida. Na mbao je? Mbao za msufi ni laini, wadudu huzila upesi, kwa hiyo usitegemee bei kubwa. Tena mti huuzwa mara moja tu.

Ni kweli, siku hizi watu wengi hununua godoro la sponji. Lakini mto wa sufi ukilala bapa, uanike juani, utafura tena. Mweleze mteja wako hivyo, na umwambie asiufue. Pia mwambie kwamba mtoto mchanga halazwi juu ya mto wowote.

Ukitaka kupanda

Loweka mbegu usiku mmoja, kisha panda kitaluni. Au kata tawi la miaka miwili au mitatu, urefu kama mita moja na nusu, ulichomeke mvua zinapoanza. Acha mita 8 kati ya mti na mti, na usipande karibu na nyumba: mizizi ni mikubwa na matawi huanguka. Ngoja miaka michache, utaanza kuona matunda.

Maswali ya kuzungumza kikundini

- Kijijini kwetu kuna misufi mingapi, na ni ya nani?
- Mwaka jana sufi yake ilikwenda wapi?
- Nani ana tenga, nani ana wavu, nani ana cherehani?

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwenye kungoja tunda lipasuke mtini atakuta sufi ni ya upepo. Anzeni na mti mmoja, msimu huu.