Malkia Elizabeth wa Pili, Mdogo Wake Margaret na Tanganyika

Mwanafunzi, katika mada ya utawala wa Waingereza wengi hupoteza alama kwa kudhani kwamba Malkia ndiye aliyeamua kila jambo lililotokea Tanganyika. Ili usiingie mtego huo, tuanzie nyumbani kwao.

Elizabeth alizaliwa tarehe 21 Aprili 1926, na mdogo wake Margaret tarehe 21 Agosti 1930. Hakuna aliyetarajia baba yao atawale, kwa kuwa kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa mrithi. Lakini Desemba 1936 kaka huyo, Mfalme Edward wa Nane, aliacha ufalme ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke aliyewahi kuolewa na kuachana. Baba yao akawa Mfalme George wa Sita. Kuanzia hapo mtoto mmoja alilelewa awe malkia, na mwingine awe mdogo wa malkia.

Februari 1952 Elizabeth na mumewe Philip walikuwa ziarani Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 6 walilala Treetops karibu na Nyeri, nyumba iliyojengwa juu ya mti ili wageni watazame wanyama. Usiku huohuo mfalme alifariki Sandringham, Uingereza, ambako Margaret alikuwa pamoja na wazazi wake. Elizabeth alipata habari akiwa Sagana. Alikuja huku binti mfalme, akaondoka malkia.

Sasa vuka mpaka uje kwetu. Miezi mitatu tu kabla, Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa Mlima Meru, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Wameru walimtuma Kirilo Japhet New York kudai haki yao. Je, kwa nini hawakumpelekea Malkia mpya madai yao? Jibu lenye alama ni hili: Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya, bali nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilipaswa kujibu mbele ya Baraza la Udhamini. Kirilo alisikilizwa, lakini ardhi haikurudishwa. Hata hivyo kesi hiyo ilifungua macho ya wengi kabla ya TANU kuanzishwa mwaka 1954. Wanaosoma shule za hapa Arusha, wasikilizeni wazee wa Meru. Kitabu hakimalizi habari hii.

Taji liliwafunga hata waliozaliwa karibu nalo. Margaret alimpenda Peter Townsend, afisa wa jeshi la anga aliyemtumikia baba yake. Townsend alikuwa amempa mkewe talaka. Kwa sheria ya mwaka 1772, Margaret akiwa chini ya miaka 25 alihitaji ruhusa ya dada yake, na dada huyo alikuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, ambalo halikukubali ndoa ya aina hiyo. Tarehe 31 Oktoba 1955 alitangaza kwamba hataolewa naye. Mimi huwaonea huruma wote wawili, ingawa mtihani hauulizi huruma.

Mwaka uliofuata, 1956, Margaret alizuru Afrika Mashariki. Hospitali ya Dar es Salaam tunayoiita leo Muhimbili ilipewa jina lake. Aliolewa na Antony Armstrong-Jones mwaka 1960, wakatalikiana mwaka 1978. Alifariki tarehe 9 Februari 2002. Dada yake alifariki tarehe 8 Septemba 2022, baada ya kutawala miaka 70.

ZINGATIA: Tarehe 9 Desemba 1961 Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, si Rais. Elizabeth aliendelea kuwa Malkia wa Tanganyika kwa mwaka mmoja, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Mwanzoni mwa 1962 Nyerere alijiuzulu, Rashidi Kawawa akashika uwaziri mkuu. Tanganyika ilipokuwa jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962, ndipo Nyerere akawa Rais. Kila mwaka nasahihisha majibu yanayochanganya tarehe hizi mbili.

ZOEZI
1. Nani alikuwa mkuu wa nchi ya Tanganyika mwezi Machi 1962? Eleza sababu.
2. Kwa nini Wameru walipeleka madai yao Umoja wa Mataifa?
3. Tofautisha koloni na nchi ya udhamini, ukitumia mfano wa Kenya na Tanganyika.