Bibi anapouliza Mjomba atakuja lini: tafakari ya majira ya mavuno



Masomo ya leo ni Kumb 26:1-11 na Isa 49:14-16. Kama Biblia ipo karibu, fungua usome kwanza halafu urudi hapa. Sitayanakili, maana nataka uyasome mwenyewe, na ni mafupi.

Nianze na neno moja linalonisumbua. Vitabu vingi tunavyosoma seminarini vimeandikwa Ulaya, na humo kuna majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kuanguka, Septemba hadi Novemba hivi. Wafasiri wetu huyaita mapukutiko, wengine wanasema vuli. Sasa mtu wa Mbeya au Iringa ukimwambia vuli anabaki anakuangalia tu. Kwetu mvua ni moja, inaanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, na baada ya hapo ni baridi ya kipupwe. Novemba yao ya majani kuanguka ndiyo Novemba yetu ya kuangalia mawingu ukiwa na mbegu mkononi. Kama kuna mapukutiko kwetu, basi ni Mei mpaka Julai: mabua yamekauka shambani, asubuhi ukungu hauonyeshi hata choo kilipo, na jioni watu wamezunguka moto wanapukuchua mahindi. Hatupukutiki majani sisi, tunapukutisha punje.

Mimi nimekulia Mbeya, lakini Mama ni Mhehe, na kila mwaka shule zikifungwa Juni tulipanda basi kwenda kwa Bibi, mkoani Iringa. Igawa, Makambako, Mafinga, halafu bodaboda mpaka kijijini. Unafika umekufa ganzi miguu. Bibi anatoka jikoni akiwa na moshi kwenye nguo, "Kamwene, kamwene," na mimi ananiita mume wangu, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Nikiwa darasa la tatu niliwahi kulia kwa sababu ya jina hilo, wenzangu walinicheka.

Kazi yetu watoto ilikuwa kupukuchua. Mahindi ya kuuza yalipigwa fimbo ndani ya gunia, baadaye ikaja mashine, lakini ya kula nyumbani na ya mbegu Bibi alitaka yapukuchuliwe kwa mkono. Unatoa mistari miwili ya punje kwa kidole gumba, halafu nyingine unazisukuma zinaanguka zenyewe. Gunzi linatupwa motoni. Vidole vinavimba, siku ya tatu vinazoea. Na hapo ndipo habari za ukoo zilipotoka zote. Nadhani najua kwa nini. Mikono ina kazi, mdomo hauna, na kila mtu anaangalia hindi lake, hakuna anayemwangalia mwenzake usoni. Mambo ambayo Mama hawezi kuyasema mezani aliyasema pale.

Pale ndipo nilipomjua Mjomba vizuri, ingawa nilikuwa nimemwona. Alikuwa kitinda mimba wa Bibi, alifanya kazi Mbeya mjini, na kila Juni alirudi kusaidia mavuno. Alikuja na mkungu wa ndizi za Tukuyu juu ya basi na mchele wa Kyela kwenye mfuko wa kitenge. Alifariki Mei 2009, kwa ugonjwa, mahindi yakiwa bado yamesimama. Alirudishwa kijijini akazikwa nyuma ya nyumba, na mwaka ule alivunwa na majirani wa jumuiya. Samahani, mahindi yalivunwa na majirani. Nimeandika nilivyoandika, naacha.

Bibi sasa amezeeka na kumbukumbu zinamtoka. Miezi mingine hali ni nafuu, lakini Juni, harufu ya mahindi makavu ikiingia ndani, anaanza kuuliza: "Mwanangu atakuja lini?" Siyo kwamba ameuliza ovyo. Ni majira yake ya kuja. Akili yake imesahau mambo mengi, lakini hesabu ya mwezi imebaki sawasawa.

Nilipokwenda likizo mara ya mwisho nilikuta nyumba imegawanyika juu ya swali hilo. Mama anasema ukweli. "Mama, alishafariki. Tulimzika." Bibi anashika kichwa, analia kilio cha msiba mpya kabisa, kwa sababu kwake ni mpya kabisa. Baada ya robo saa amesahau kwa nini analia, lakini huzuni haijasahau, inabaki mwilini mpaka usiku. Dada yangu hakuweza kuvumilia. Yeye akawa anasema, "Yupo njiani Bibi, gari limeharibika Makambako." Bibi anatulia. Ila jioni hiyo alikataa kula mpaka mwanae afike. Chakula cha Mjomba kikafunikwa kwenye hotpoti, na Bibi akakaa mlangoni na baridi yote ile mpaka saa nne usiku. Kwa hiyo ukweli ulimliza, na uongo ukamkalisha mlangoni.

Wakanigeukia. "Wewe frateri si umesoma falsafa? Sema."

Ndugu yangu, miaka mitatu ya falsafa, na nikakosa la kusema. Nilijua kilichoandikwa, nikatamani nisingekijua. Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili kuhusu uongo, kimoja karibu mwaka 395 na kingine karibu mwaka 420, na katika vyote msimamo wake haulegei: kusema uongo ni dhambi, hata kwa nia njema. Katika kile cha pili anatoa mfano ambao nilipokumbuka pale jikoni mwili ulinisisimka. Mgonjwa yuko taabani. Ana mtoto wa pekee ampendaye sana, na mtoto huyo amekufa, ila mgonjwa hajui. Anakuuliza wewe unayejua: je, yu hai? Ukisema amekufa, unaweza kummaliza. Ukisema yu hai au ukisema hujui, umedanganya. Augustino hafanyi swali liwe rahisi. Anakiri kwamba moyo wake wa kibinadamu unavutwa sana upande wa pili, na hata hivyo anakataa uongo.

Zamani nilimwona Augustino hapa kama mtu mkavu. Halafu nikakumbuka kwamba naye alifiwa na mwanae wa pekee, Adeodato, kijana ambaye hakufika miaka ishirini. Mtu aliyeandika mfano ule alijua mtoto kufa ni nini. Tangu hapo simsomi kwa haraka.

Lakini naye pia alikuwa na jikoni lake, kwa namna ya kusema. Mwaka 386, akiwa ameshaamua kubatizwa, aliacha kazi ya ualimu Milano wakati wa likizo ya mavuno ya zabibu akaenda kukaa shamba la rafiki yake, mahali paitwapo Cassiciacum. Alikuwa na mama yake Monika, mwanae, ndugu na wanafunzi wachache. Walisoma, walisali, walibishana, na Monika alikaribishwa kwenye mabishano hayo, jambo lisilokuwa la kawaida zama zile. Usiku mmoja Augustino hana usingizi, anasikia maji ya mfereji nyuma ya bafu yanakwenda, yanakwama, yanakwenda tena. Anashangaa. Kumbe kijana mmoja, Licentius, naye yuko macho, maana alikuwa anagonga mbao kufukuza panya. Ndiye aliyetoa jibu: majira yale majani yanaanguka mengi, yanajazana kwenye mfereji, maji yanazuiwa mpaka yanapata nguvu ya kuyasukuma. Kutoka hapo wakaanza kuzungumza kama mambo ya dunia yana utaratibu wa Mungu ndani yake, na mazungumzo hayo yakawa kitabu kizima. Majani na panya! Mtu aliyewahi kulala chumba kimoja na magunia ya mahindi mapya anaelewa ule usiku bila maelezo.

Nirudi kwa Bibi. Mtakatifu Thomas wa Akwino anakubaliana na Augustino kwamba uongo hauruhusiwi, ila anaongeza kwamba ukweli unaweza kufichwa kwa busara. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, namba 2488 na 2489, inafundisha kwamba haki ya kuambiwa ukweli ina mipaka, na kwamba upendo ndio utakaopima nini kisemwe na nini kinyamaziwe. Watu wengi wanafikiri wana njia mbili tu, kusema yote au kudanganya. Ipo nafasi kubwa katikati, na nafasi hiyo siyo ujanja. Ndugu zangu Walokole mtaani walishanitania kwamba Wakatoliki tuna vichochoro. Sawa, lakini hebu wakae na Bibi wangu Juni moja.

Kesho yake jioni tuko motoni, swali likaja tena. "Mwanangu atakuja lini?" Mama akavuta pumzi. Mimi nikawahi: "Bibi, hebu nisimulie, alikuwaje huyo?"

Kwakweli sikutegemea. Alisimulia karibu saa nzima. Jinsi mwanae alivyozaliwa mwaka wa mvua nyingi. Jinsi alivyokuwa anaogopa bata. Jinsi alivyompeleka kubatizwa akiwa mgongoni, njia ya mguu, na akatapika kwenye kanzu ya padre. Mikono haikusimama, punje zinaanguka kwenye ungo. Mama alicheka habari ya bata, kumbe hakuwahi kuisikia, yeye dada mtu. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyelia.

Sasa tazama Kumb 26. Mwisraeli anapeleka kikapu cha malimbuko kwa kuhani. Ungetegemea aseme asante, aondoke. Badala yake Mungu anaagiza asimulie habari za ukoo: babu aliyekuwa mhamaji, waliposhuka Misri wakiwa wachache, walivyoteswa, walivyotolewa. Na anasema "sisi", wakati yeye hakuwahi kuikanyaga Misri. Kumbukumbu hiyo haikuwa kichwani mwake, alipewa na wazee wake. Mimi nilipokuwa nasoma Augustino kitabu cha kumi cha Maungamo, namna kumbukumbu ilivyo kama jumba kubwa ndani ya mtu, niliogopa nikiwaza: je, jumba likibomoka, Bibi anabaki nani? Kumb 26 ilinipa pa kushika. Mbele ya Mungu hatukumbuki kila mtu peke yake. Bibi alitubebea habari miaka yote ya mavuno, na sasa zile zinazomdondoka tunaziokota sisi kwenye ungo wetu. Habari ya bata ninayo. Nawe sasa unayo.

Na Isaya ni mkali zaidi kuliko tunavyodhani. Tunapenda sehemu ya Mungu kutuchora viganjani, tunaipa mdundo kwenye kwaya. Lakini kabla ya hapo anauliza kama mama anaweza kumsahau mtoto wake, na jibu lake siyo "hapana". Anakubali kwamba hata mama anaweza kusahau. Sikuwa nimewahi kuliona hilo mpaka nilipokuwa na bibi anayesahau. Mungu hakushangazwa na ugonjwa wa uzee. Anaujua, ameuandika, na ahadi yake ameiweka upande wa pili wa ugonjwa huo.

Papa Fransisko mwaka 2021 aliweka Siku ya Mababu na Wazee, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Kwetu inaangukia katikati ya kupukuchua. Ukiwa VIWAWA au TYCS, au kijana tu wa jumuiya, usiishie kupeleka sabuni na sukari kwa wazee. Nenda na muda. Kaa, chukua hindi, pukuchua, uliza swali moja, halafu nyamaza.

Nisiwadanganye kwamba njia yangu ilimaliza tatizo. Siku ya kuondoka nilikuwa nimeshafunga begi, Bibi akanishika mkono, akaniita kwa jina la Mjomba, kisha akaniangalia vizuri akaona siyo. Akauliza moja kwa moja, kwa mara ya kwanza: "Mwanangu yu hai?"

Hapo hapakuwa na "nisimulie". Lilikuwa swali la Augustino neno kwa neno. Mama na dada wananiangalia. Nikasema, "Bibi, yuko mikononi mwa Mungu." Walimu wangu wa teolojia wanaweza kunipa maksi au kuninyima. Ninaamini kwamba ni kweli. Kama Bibi alielewa kile nilichomaanisha au alisikia jina la mji fulani, sijui, na hilo bado linanikosesha raha nikisali.

Alikaa kimya. Halafu akauliza, "Huko kuna baridi?"

"Sijui, Bibi. Sijafika."

Akaingia ndani, tukasikia anafungua sanduku. Akarudi na sweta la kijani, la mwanaume, limetobolewa na nondo kwenye kiwiko, akampa Mama. Mama aliwahi kusema sweta lile lilizikwa na mwenyewe. Akalipokea, akaliweka mapajani, akachukua hindi jingine.