Gitaa Likikoroma, Tafuta Linakoromea Wapi

Weka bisibisi chini kwanza. Gitaa la umeme likianza kukoroma, wengi hukimbilia kupandisha nyuzi mpaka juu. Mlio mbaya unaondoka kweli, lakini kesho yake vidole vinauma na solo haiendi. Kukoroma kuna mahali pake. Ukipajua, kazi iliyobaki ni ndogo.

Chomeka gitaa kwenye amplifaya na upige kwa nguvu zako za jukwaani. Kelele unayoisikia chumbani tu na haitoki kwenye spika, achana nayo. Mvumo wa mfululizo unaonyamaza ukigusa nyuzi nao si wa nyuzi: huo ni umeme, na hiyo ni kazi ya fundi.

Halafu tyuni. Nyuzi zilizotyuniwa chini ni legevu, hutikisika sana na kugonga freti. Nyuzi zenye kutu badilisha kabla ya kupima chochote. Na kama juzi umetoa seti ya 10 ukaweka ya 9, huenda umeshampata mchawi: mvuto umepungua, shingo imejinyoosha.

Sasa piga kila uzi freti moja baada ya nyingine, kuanzia wazi hadi mwisho, ukiandika panapokoroma. Uzi ukikoroma wazi lakini ukatulia ukiubonyeza, tazama nati, kile kipande chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa. Kelele ikikaa freti ya 1 hadi ya 5, shingo imenyooka mno. Ikianzia ya 12 kupanda, nyuzi ziko chini kwenye daraja. Ikiwa ni sehemu moja tu, freti inayofuata upande wa daraja imeinuka.

Anza na shingo, hata kama unashuku kingine, maana ukiigusa vipimo vyote vinabadilika. Weka kapo, kile kibano cha nyuzi, kwenye freti ya 1, kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho. Uzi huo sasa ndio rula yako. Inua gitaa kuelekea dirishani uchungulie freti ya 7 au ya 8: unataka kuona mstari mwembamba wa mwanga kati ya uzi na freti, kama milimita 0.25, unene unaokaribiana na kadi ya biashara. Hakuna mwanga? Legeza trasirodi, ile fimbo ya chuma iliyopita ndani ya shingo, kinyume cha mwendo wa saa. Robo mzunguko, basi. Tyuni, pima tena. Ikigoma usiilazimishe, trasirodi iliyokatika ni balaa la bei kubwa. Na usishangae gitaa lililotulia Arusha likakoroma Dar es Salaam: mbao hunywa unyevu, shingo husogea.

Nyuzi zikibaki chini, nenda kwenye daraja. Pima freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Milimita 2 kwa uzi mnene na 1.5 kwa uzi mwembamba ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwenye Stratocaster kila uzi una kibebeo chake chenye viskrubu viwili. Vizungushe sawasawa kwa ufunguo wa Allen, kidogo kidogo. Kwenye Les Paul unapandisha upande mzima wa daraja, kwa hiyo legeza nyuzi kwanza. Mpiga solo wa rumba au benga asiridhike na freti tano za mwanzo. Sebene inachezwa kwenye freti za juu, na huko ndiko kwa kupimia.

Viskrubu vya vibebeo, pamoja na nati ndogo zinazokaza funguo za kutyunia, vikilegea hutoa mlio uleule. Vibonyeze kwa kidole huku uzi ukilia. Kelele ikikatika, kaza.

Nati ni rahisi kupima. Bonyeza uzi freti ya 3, tazama juu ya freti ya 1. Lazima pabaki upenyo, hata wa unywele. Usipokuwepo, mfereji umelika. Kwa shoo ya leo, kipande cha karatasi chini ya uzi kitakuokoa. Baadaye badilisha nati.

Freti iliyoinuka ipate kwa ukingo wa kadi ya benki uliolazwa juu ya freti tatu. Kadi ikiyumba, ya katikati ndiyo mkorofi. Kuisawazisha kwa tupa mwachie fundi, maana chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Ukimaliza, tyuni tena na ulinganishe sauti ya freti ya 12 ukiibonyeza na ile ya harmoniki yake. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza kibebeo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele.