Bomu la Machozi Nalo Lina Mipaka

Kijiweni Makanyagio, hapa Mpanda, habari za polisi na mikutano zikianza, hakosekani wa kusema: "Si mabomu ya machozi tu? Hayo hayaui." Yanaua. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo wilayani Mufindi, polisi wakiwatawanya wafuasi wa chama cha upinzani, CHADEMA, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kutoka karibu kabisa na mwili wake. Julai 2016 Mahakama Kuu ilimtia askari hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa miaka 15. Kwa hiyo askari akisema "nilikuwa natuliza ghasia", mambo hayajaisha. Ndiyo kwanza maswali yanaanza.

La kwanza ni mkutano wenyewe. Ibara ya 20 ya Katiba inakupa uhuru wa kukutana na wenzako kwa amani. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi inamtaka mwandaaji apeleke taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, saa 48 kabla. Taarifa, si ombi la kibali: ukishaipeleka unaendelea, labda uletewe amri ya kuzuia. (Najua kaunta nyingi bado zinajibu "kibali hamna". Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.) Katazo la mikutano ya hadhara ya vyama lililowekwa 2016 liliondolewa Januari 3, 2023.

Sasa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, wameshafika, na washawasha, gari la maji ya kuwasha, nyuma yao. Mahakamani jina la silaha si hoja kubwa, iwe gesi, maji ya kuwasha, risasi ya mpira au kirungu. Kinachopimwa ni nguvu: ilihitajika kiasi gani? Kwa ghasia, Kanuni ya Adhabu inataka afisa aamuru kwanza watu watawanyike kwa amani. Muda wa kutosha upite. Ndipo waliobaki watawanywe, na anayepinga atumiwe nguvu inayotosha kuvunja upinzani wake. Nisikufiche: ndani ya mpaka huo sheria inamkinga askari hata mtu akiumia au kufa. Kwa hiyo kesi nzima huwa ni juu ya mpaka. Bomu lililorushwa watu wameshageuka wanaondoka, lilikuwa linavunja upinzani wa nani? Na kwa anayekamatwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai hairuhusu nguvu kupita ile ya kumkamata au kumzuia asitoroke. Aliyekwisha kukaa kwenye karandinga na pingu mkononi hahitaji kirungu.

Mwaka 2020 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa mwongozo kuhusu silaha hizi. Kombora la gesi lisilengwe mwilini mwa mtu, sembuse kichwani. Gesi isirushwe mahali pasipo na pa kutokea. Fikiria vichochoro vya soko lolote la Mpanda saa za jioni. Risasi ya mpira ilengwe tumbo la chini au miguu ya mtu anayefanya vurugu, si umati. Mwongozo huu haukupitishwa na Bunge letu, lakini wakili anaweza kuutumia kuonyesha maana ya "kiasi".

Watu wa Katavi mna sababu ya kulifuatilia jambo hili. Juni 2013 Mizengo Pinda, mwana wa Kibaoni, Waziri Mkuu na Mbunge wa Katavi wakati huo, alisema bungeni kwamba wanaokaidi vyombo vya dola wapigwe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili Tanganyika walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2014 shauri lilitupwa kwenye mapingamizi ya awali, hoja yenyewe ya kupiga watu ikabaki bila kuamuliwa. Mimi naliona pigo, ila lina somo la kazi: shauri lenye mguu imara ni la aliyeumia mwenyewe, mwenye karatasi mkononi.

Karatasi ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Inatolewa kituoni, yaani pengine na wenzake waliokupiga, kwa hiyo usiende peke yako. Ukiwa hoi anza na hospitali, ndugu afuatilie PF3, na daktari aandike jeraha liko wapi na linafananaje. Jeraha la mgongoni hueleza ulikuwa umeelekea wapi. Malalamiko unaweza kuyapeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora bila ada. Ukitaka fidia, Serikali hupewa notisi ya siku 90 kabla ya kushtakiwa. Madai ya madhara kwa kawaida yana miaka mitatu, lakini dhidi ya kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria ni mwaka mmoja, na Wakili wa Serikali hatasahau kulisema hilo. Hesabu mwaka mmoja.

Na ganda la bomu lililoanguka mlangoni kwako usilishike kwa mkono mtupu, laweza kuwa bado la moto na lina masalia ya gesi. Lipige picha likiwa palepale, maandishi ya ubavuni yasomeke, kisha rudi nyuma upige nyingine ambayo mlango na barabara vinaonekana pamoja.